Mpima Ardhi Kabla ya Zege: Kuhamisha Jengo Kutoka Kwenye Mchoro Hadi Kiwanjani

Kosa la mpima ardhi halionekani siku linapofanyika. Kigingi kilichokaa sentimita 5 nje ya mahali pake hufanana kabisa na kigingi kilichokaa sawasawa, na tofauti hujulikana baadaye, nguzo zikiwa zimesimama na ukuta haufiki kwenye kona yake. Wakati huo dawa iliyobaki ni kubomoa. Mwongozo huu ni kwa mpima anayeanza kazi ya majengo hapa Tanzania, na unafuata desturi moja ninayoiona kuwa ndiyo kazi yenyewe: kipimo hakikabidhiwi kwa fundi kabla hakijahakikiwa kwa njia ya pili isiyotegemea ile ya kwanza.

Anza na mpaka. Chukua ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, tafuta mawe yote ya mpaka, pima umbali kati ya jiwe na jiwe, kisha ulinganishe na ramani. Jiwe lililopo si lazima liwe mahali pake, kwa kuwa mitaro ya mabomba na barabara huyang'oa mawe na wachimbaji huyarudisha kwa kukisia. Ukikuta tofauti, usiliguse. Kurudisha jiwe la mpaka ni upimaji wa milki unaoongozwa na Sheria ya Upimaji Ardhi, na hufanywa na mpima mwenye leseni. Wajibu wako ni kumwarifu mkandarasi kwa maandishi na kutopanga jengo upande huo hadi jambo hilo limalizike.

Baada ya mpaka, soma michoro yote kwa pamoja, wa msanifu na wa mhandisi, si mmoja peke yake. Jumlisha vipimo vya kutoka mhimili hadi mhimili (mistari ya mchoro inayoongoza mahali pa nguzo na kuta) na uone kama vinafikia jumla iliyoandikwa. Uliza pia, hata kama swali linaonekana dogo, kama mhimili unapita katikati ya nguzo au kwenye uso wake wa nje. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini sikuuliza. Mchoro ulipitisha mhimili kwenye uso wa nje wa nguzo zenye upana wa milimita 300, nami nikauchukulia kuwa katikati, hivyo nondo za kuanzia (zinazochomoza kwenye msingi ili nguzo ziungwe nazo) za nguzo 6 zikasogea milimita 150. Aliyegundua ni fundi aliyekuwa akisuka nondo, siku moja kabla ya zege, na tangu hapo nimeyachukulia maswali ya mafundi wa nondo kuwa sehemu ya uhakiki.

Sasa weka alama za udhibiti, yaani alama thabiti ambazo vipimo vyote vya jengo vitaanzia kwake. Ziwe angalau 4, nje ya eneo la kuchimbwa, zimejengewa zege, zimezungushiwa uzio mdogo, na kila moja ionane na nyingine mbili. Malori na mitambo huzisukuma bila mtu kujua, kwa hiyo zipime tena kila wiki na kila baada ya uchimbaji mkubwa.

Hapa ndipo wapima wengi wapya hupotea, na panastahili maelezo marefu kidogo. Ukizipata kodineti (namba zinazotaja mahali) za alama hizo kwa kipokezi cha setilaiti, kwa kawaida huja katika mfumo wa UTM, yaani gridi ya ramani inayoigawa dunia katika kanda, ambamo Dar es Salaam imo katika kanda ya 37 Kusini, yenye mstari wa kati wa nyuzi 39 Mashariki. Kwenye mstari huo umbali wote huzidishwa kwa 0.9996, na kwa kuwa jiji liko karibu nao, kilomita moja ya ardhini huonekana kwenye gridi kama pungufu ya karibu sentimita 39. Totali stesheni, chombo kinachopima pembe na umbali, hupima umbali halisi wa ardhini, na msanifu naye amechora kwa umbali halisi. Ukichanganya viwili hivi bila kurekebisha, jengo la mita 100 litatofautiana kwa karibu sentimita 4, nawe utadhani chombo kimeharibika. Njia ninayoipendekeza ni kushikilia alama moja kama kitovu, kugeuza kodineti za alama nyingine kuwa za umbali wa ardhini kuanzia hapo, na kuandika wazi kwenye orodha kwamba hizi ni kodineti za mradi, si za UTM, ili atakayepokea kazi asiyachanganye mafaili.

Vyombo navyo vihakikiwe. Angalia kwamba thamani ya prizimu (kioo kinachorudisha mwale wa totali stesheni) iliyoingizwa kwenye chombo ni ya prizimu iliyo mkononi, kwani prizimu ya hasi milimita 30 ikisomwa kama sifuri huharibu kila umbali kwa sentimita 3. Levo, chombo cha kupimia kimo, ijaribiwe kwa stafu mbili (fito zenye vipimo) zilizo mita 60 mbali: isome kwanza ukiwa katikati, ambapo tofauti ya kimo hutoka sahihi hata chombo kikiwa na kasoro, kisha usome tena ukiwa karibu na stafu moja. Tofauti hizo mbili zikipishana kwa zaidi ya milimita 3, chombo kipelekwe kwa matengenezo.

Katika kupanga jengo, weka kona kwa totali stesheni, kisha uzihakiki kwa tepu ya chuma. Jengo la mita 20 kwa 15 lazima liwe na mshazari wa mita 25 pande zote mbili. Hamishia mihimili kwenye mbao za profaili zilizo mbali na mtaro wa msingi, upige misumari na kuandika jina la kila mhimili, kwa sababu vigingi vya kona vitang'olewa na uchimbaji asubuhi ya kesho yake.

Kimo kina uhakiki wake. Toka kwenye alama ya kimo, pita sehemu zote unazozihitaji, kisha urudi ulikoanzia, ukihakikisha umbali wa stafu ya nyuma na ya mbele unakaribiana. Kanuni inayotumika sana huruhusu kosa la milimita 12 mara kipeuo cha pili cha kilomita ulizotembea, yaani milimita 6 kwa mzunguko wa mita 250. Pima asubuhi, kwa kuwa mchana wa pwani hewa inayochemka juu ya ardhi huifanya stafu icheze machoni.

Zege la msingi likishamwagwa, usingoje ghorofa inayofuata. Pima kila nondo ya kuanzia mahali ilipokaa kweli, andika mkengeuko wake katika milimita, na umpe mhandisi jedwali hilo alitie saini kabla boksi la nguzo halijafungwa. Kwa ghorofa za juu, acha tundu la sentimita 20 kwa 20 katika kila jamvi juu ya alama ileile ya chini, upandishe wima kwa timazi ya leza. Usianzie kwenye nguzo za ghorofa iliyotangulia, kwani kila ghorofa ikipimwa kutoka kwa mwenzake hurithi kosa lake na kuliongeza.