Somo: Kuchambua Maamuzi Yako Baada ya Bao la Mashindano

Wachezaji wengi wa baraza letu hapa Magomeni wakitoka mashindanoni huulizana nani kamfunga nani, na mazungumzo huishia hapo. Somo hili linahusu kazi inayofuata, yaani kuukalia upya mchezo uliokwisha na kupima kila uamuzi kwa yale yaliyokuwa yakionekana wakati ule, kabla ya kuyatazama matokeo. Ninazungumzia bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo kila mchezaji huanza akiwa na kete 10 ubaoni na 22 mkononi.

Hatua ya kwanza: andika mchezo siku ileile

Yaite mashimo yako ya mbele A1 hadi A8 kuanzia kushoto kwako, na ya nyuma B1 hadi B8. Mashimo ya mbele ya mpinzani, kwa jinsi unavyoyaona wewe, yawe a1 hadi a8. Kwa hesabu hiyo nyumba yako, yaani shimo linaloanza na kete 6, ni A5 na yake ni a4, wala hazitazamani. Kwa kila zamu andika shimo, upande uliosambazia na idadi ya kete zilizoliwa, yaani ulizozichukua katika shimo la mpinzani linalokabiliana na lako. Mwenye simu anaweza kurekodi video kutokea juu, ila mkono wa mchezaji huyaziba mashimo ya pembeni nyakati zilezile unazozihitaji, kwa hiyo daftari lisikosekane.

Hatua ya pili: tenga zamu zenye uamuzi

Kula ni lazima. Zamu yenye njia moja tu ya kula, tena shimo lake likiwa kimbi (moja ya mashimo mawili ya mwisho ya kila upande wa safu ya mbele), haina uamuzi, kwa kuwa hata kichwa, yaani shimo la pembeni la kuanzia kusambaza, kimekwisha kuamuliwa. Zipite haraka, ubaki na zile ambazo ulikuwa na njia mbili au zaidi.

Hatua ya tatu: pima uamuzi kwa jibu bora la mpinzani

Hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya, nami nikiwamo. Mwaka jana nilianza mchezo mmoja wa mashindano. Kama ilivyo mwanzo wote, nilikuwa na kete 6 katika A5, 2 katika A6 na 2 katika A7, na mpinzani alikuwa na 6 katika a4, 2 katika a3 na 2 katika a2. Hakuna shimo lenye kete lililokabiliana na jingine lenye kete, hivyo anayeanza hutakata, yaani husambaza bila kula. Nilinamua A6, yaani nilitia humo kete moja ya mkononi, nikazichukua kete tatu kwenda kushoto: moja A5, moja A4, na ya mwisho ikalala A3. Mpinzani akatia kete a3 akaila ile ya A3. Nami nikatia A4, nikaibeba nyumba yake nzima, kete 6 kwa mkupuo mmoja, na waliotuzunguka wakapiga makofi.

Usiku, nilipoupanga mchezo upya nyumbani, makofi yale yalinitia aibu kidogo. Mpinzani alikuwa na njia mbili za kula, na angeila A4 kwa kutia kete nyumbani kwake, a4 isingekuwa tena na tishio mbele yake. Mimi ningebaki na A3, ambayo ingenipatia kete 2 tu za a3. Thamani halisi ya uamuzi wangu ilikuwa kutoa kete 1 ili nipate 2, na zile 6 zilitoka katika kosa lake. Kama ningezipeleka kete tatu za A6 kulia, zingeangukia A7, A8 na B8, na hakuna kete yangu hata moja ambayo ingekabiliana na kete yake. Sisemi kwamba kushoto ni kosa, maana mpaka leo huwa naucheza mwanzo huo. Ninachosema ni kwamba katika daftari niliandika 2, sikuandika 6.

Hatua ya nne: ichunguze nyumba peke yake

Kila mara kete ya mwisho ya ulaji ilipoangukia nyumbani, na ukawa na hiari ya kulala (kuishia hapo) au kusafiri (kuzibeba kete za nyumba na kuendelea kusambaza), andika sababu iliyokufanya uchague. Ukiona umeandika «niliona zimejaa», jua hukuwa na sababu.

Hatua ya tano: mtaji

Kete za mkononi zikiisha, sehemu ya mtaji huanza na hesabu hurefuka. Kumbuka kwamba shimo lenye kete moja halianzishi mchezo, na lenye zaidi ya 15 halianzishi ulaji. Andika ulikuwa umehesabu mizunguko mingapi kabla ya kugusa kete, na ni mzunguko wa ngapi uliokushangaza.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Temeke: Shikamoo, mwalimu. Je, ni adabu kumwomba aliyenifunga anichambulie mchezo wetu?

Marahaba, mwanangu. Ni adabu kabisa, mradi umwache kwanza anywe kahawa yake. Usimwulize ulikosea wapi, kwa sababu atakutajia zamu ya mwisho tu. Mwulize ni zamu gani aliyokuogopa, kisha kaipange upya.

Mwanachama wa Mbagala: Mimi siwezi kukumbuka zamu zote. Nifanyeje?

Wachache wanaweza. Anza na zamu zilizogusa nyumba, yako au yake, kwa kuwa hizo hubaki kichwani hata bila daftari, kisha rudi nyuma zamu mbili au tatu kutoka kila mojawapo. Mara nyingi uamuzi wenyewe ulikwisha kufanyika huko.

Mama wa Kinondoni: Mzee wangu hushikilia kwamba mwenye kete nyingi ndiye anayeongoza. Katika uchambuzi, nizihesabu?

Zihesabu, dada, lakini kwa safu. Kete za safu ya nyuma haziliwi, na mchezo hufungwa safu ya mbele ikiwa tupu au mchezaji akikosa pa kuchezea. Mwenye kete 40, karibu zote zikiwa nyuma, anaweza kufungwa zamu inayofuata. Kwa hiyo andika namba mbili, ya mbele na ya nyuma, na mwonyeshe mzee hiyo ya mbele.