Kabla Hujanunua Mashine ya Kukaangia Kahawa

Mtu akiniuliza anunue mashine gani, namrudishia swali: kwenu mnakunywa kiasi gani kwa wiki? Wengi hawajawahi kupiga hesabu hiyo. Kikombe kimoja kizuri kinataka gramu 15 hadi 18. Watu wawili wanaokunywa vikombe viwili viwili kwa siku watamaliza karibu nusu kilo kwa wiki. Kahawa mbichi nayo hupungua uzito ikikaangwa, kuanzia asilimia 12 hivi kwa ile isiyoiva sana hadi 20 ikiwa nyeusi, kwa hiyo andaa kama gramu 600 mbichi.

Sasa rudi kwenye mashine. Ndogo ya kupokea gramu 100 itakusimamisha jikoni mara sita kwa wiki. Kwa anayependa kujaribujaribu ni raha, kwa mwenye haraka ni adhabu. Na namba iliyoandikwa kwenye boksi usiimeze nzima. Mashine nyingi hukaanga vizuri zikijazwa robo tatu tu. Ukizijaza pomoni moto huelemewa, na kahawa inaokeka badala ya kukaangika.

Aina kubwa ni mbili. Za hewa hupuliza upepo wa moto, punje zikarukaruka ndani ya kioo, na huivisha upesi, mara nyingi chini ya dakika 10. Kahawa yake hutoka angavu, uchachu wake wa matunda ukijitokeza. Za ngoma huzungusha punje kwenye chuma cha moto, huchukua dakika 10 hadi 15, na kikombe chake huwa kizito zaidi. Mimi ni mtu wa ngoma, lakini anayeanza namwelekeza kwenye hewa, kwa sababu anaona kila kitu: kijani kinageuka manjano, manjano inakuwa hudhurungi, maganda membamba yanaruka.

Zaidi ya kuona, unatakiwa usikie. Joto la punje likifika karibu nyuzi 200, zinaanza kualika kwa sauti kavu: huo ni mpasuko wa kwanza, na kuanzia hapo kahawa inanyweka. Wa pili huja karibu na nyuzi 225, sauti yake nyembamba na ya harakaharaka, na mafuta huanza kutokeza juu ya punje. Feni yenye kelele itaimeza milio yote miwili. Kama unaweza, omba muuzaji aiwashe mbele yako. Kipimajoto kinasaidia, ila namba zake ni za mashine hiyo tu. Kihisi kikihamishwa sentimita chache, kinasoma joto jingine.

Jambo ambalo matangazo hulipitia juujuu ni kupoza. Ukizima moto, punje haziachi kuiva. Zina joto lao lenyewe. Zinatakiwa zifike mahali pa kushikika kwa mkono ndani ya dakika nne hivi. Mashine inayopozea kwenye ngoma ileile ya moto huchelewa, na ulichokusudia kiwe cha wastani kinateleza kuelekea weusi. Nikiwekewa mbili, moja ina skrini maridadi na nyingine ina sinia ya kupozea yenye feni yake, sihitaji hata kufikiri.

Moshi upo, hasa ukipita mpasuko wa pili; weka mashine dirishani au chini ya bomba la kutolea moshi. Maganda yanashika moto kirahisi, kwa hiyo chombo chake kimwagwe kila baada ya kukaanga, na usiondoke hata kidogo mashine ikiwa kazini. Hakikisha volti zake zinalingana na za umeme wako. Waya mrefu mwembamba wa kuongezea hupunguza nguvu, ukashangaa kahawa haiivi.

Bajeti ikiwa finyu, mashine ya bisi ya hewa moto inafaa kwa kuanzia. Ichungulie ndani kwanza: matundu ya hewa yawe ubavuni. Yakiwa chini kwenye wavu, maganda hudondokea koili, na hapo moto haukawii.

Kwa anayetaka kuuza, namshauri asishuke chini ya ngoma ya kilo moja, iwe na uwezo wa kurekebisha moto na hewa kila kimoja peke yake. Kwa mikaango mitatu hadi minne kwa saa, utatoa kilo mbili na nusu hivi. Muulize muuzaji kama koili, mkanda na bering vinauzwa kimoja kimoja. Akianza kuzungukazunguka, tafuta mwingine. Ya mitumba, ichomoe kwenye umeme, zungusha ngoma kwa mkono polepole, sikio likiwa karibu. Ikikwaruza, bering zimekwisha au mhimili umepinda, na bei ishuke kabla hujatoa hela.