Kabla ya Kuwasha Hita ya Umeme Kwenye Kempa

Kaskazini mwa Marekani, kuanzia Maine hadi Minnesota, usiku wa Oktoba unaweza kushuka chini ya sifuri. Wenye kempa, yaani trela lenye vitanda, jiko na choo ndani, hukimbilia hita ndogo ya umeme. Mtungi wa gesi unanunuliwa, lakini umeme mara nyingi umo ndani ya bei ya kiwanja cha kambi. Hesabu hiyo ni sahihi. Ninachokuomba uangalie kabla ya baridi kuingia ni njia ambayo umeme unapita hadi kuifikia hita, kwa sababu hatari kubwa iko huko kuliko kwenye hita yenyewe.

Anza na volti. Tanzania na Kenya soketi hutoa volti 230 hadi 240, na hita ya wati 1,500 huvuta mkondo wa ampea 6 na nusu hivi. Soketi ya kawaida ya Marekani ni volti 120, kwa hiyo hita yenye wati zilezile huvuta ampea 12 na nusu. Pale waya ulipolegea, mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Kwa hiyo mazoea ya kuchomeka pasi popote tuliyokulia nayo yaachwe. Tena pasi huwaka kwa muda mfupi ikazimwa. Hita huwaka usiku kucha.

Kisha piga hesabu ya kempa nzima. Nyingi ndogo na za kati huungwa kwa waya wa ampea 30, sawa na wati 3,600. Kanuni ya mafundi ni kwamba mzigo wa saa nyingi usivuke asilimia 80 ya uwezo wa laini, hivyo unabaki na ampea 24. Hita moja imekula nusu. Hita mbili zimeshavuka, na kama tanki la maji moto nalo liko kwenye umeme, linataka takribani ampea 12 zake. Asubuhi mtu akiwasha birika la chai, breka, yaani swichi inayokata umeme mzigo ukizidi, inakata. Ikikata, punguza mzigo kwanza ndipo uirudishe.

Mchana, fungua kisanduku cha breka, zima moja baada ya nyingine, uone kila moja inalisha soketi zipi, kisha uandike. Kwenye kempa nyingi soketi ya chumbani na ya sebuleni ziko kwenye breka moja ya ampea 15, kwa hiyo hita mbili zilizo vyumba tofauti zinaweza kuwa zinanyonya waya mmoja. Kempa kubwa za ampea 50 zina laini mbili na wati 12,000 kwa jumla, ila breka za soketi za ndani ni zilezile za 15 au 20. Na ukiegesha uani kwa ndugu yako ukachomeka kempa nzima kwenye soketi ya nyumba yake kwa adapta, una ampea 15 tu kwa kila kitu. Hapo hita ikae kwenye wati 750, au isiwashwe.

Soketi ndiyo ninayoihofia zaidi. Nyingi zinazofungwa kiwandani kwenye kempa hazina skrubu za kubana waya. Waya hugandamizwa kwenye meno ya chuma nyuma ya soketi. Inafaa kwa taa na chaja ya simu. Lakini trela linatikisika barabarani mwaka baada ya mwaka, mgusano unalegea, na hita ndiyo inayoufichua udhaifu huo. Washa hita kwa nguvu yote kwa saa nzima ukiwa macho, kisha gusa plagi na uso wa soketi. Uvuguvugu unakubalika. Ukisikia moto wa kukufanya uondoe mkono, ukanusa plastiki, au ukaona pini zimegeuka kahawia, zima na umwite fundi. Anayekusudia kulala humo majira yote ya baridi afungiwe soketi ya ampea 20 yenye skrubu, iliyo na waya wake mnene na breka yake. Ni gharama ndogo ukiilinganisha na kempa iliyoungua.

Mtihani huohuo ufanye nje, kwenye nguzo ya umeme ya kambi. Plagi kubwa ya kempa huchakaa kwa kuchomekwa na kuchomolewa, na soketi za nguzo hutumiwa na mamia ya wageni. Zima breka ya nguzo kwanza ndipo uchomeke, usukume hadi mwisho. Waya uliobaki uutandaze. Ukiviringishwa hauna pa kutolea joto. Ndani, hita ichomekwe moja kwa moja ukutani, kamwe isichomekwe kwenye ekstensheni wala kwenye adapta ya matundu mengi.

Kuhusu aina ya hita, nachagua ya umeme iliyojazwa mafuta yasiyoungua ndani yake kwa usiku na ya feni kwa kupasha haraka asubuhi. Yoyote utakayonunua iwe na alama ya UL au ETL, yaani ya maabara za kupima usalama, na ijizime ikipinduka au ikipata joto kupita kiasi. Iache mita moja mbali na pazia, shuka na nguo, jambo gumu ndani ya kempa, kwa hiyo tafuta mahali pake mapema. Isisimame kitandani, wala kati ya wanaolala na mlango. King'ora cha moshi na cha gesi ya sumu ya kaboni monoksidi vijaribiwe kwa kubonyeza, na tarehe ya kuisha isomwe nyuma. Hita ya umeme haitoi gesi hiyo, lakini jenereta ya jirani inatoa. Betri usizitegemee: ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 haifikishi hata saa moja kwa hita ya wati 1,500.

Lililobaki wengi hulisahau: mabomba. Hita ya gesi ya kempa, kwenye miundo mingi, hupeleka sehemu ya hewa yake ya moto chini ya sakafu, kwenye matanki na mabomba. Hita ya umeme hupasha chumba tu. Ukiwa na joto zuri juu, gesi haiwaki, na chini maji yanaganda na kupasua bomba. Kwa hiyo usiku wa barafu acha hita ya gesi iwake yenyewe kila mara, umeme uwe msaidizi. Usiku wa baridi ya kawaida, weka kidhibiti cha gesi kwenye nyuzi 10 za Selsiasi, hita ya umeme kwenye 18. Umeme wa kambi ukikatika saa nane usiku, gesi itapokea bila wewe kuamka, mradi mtungi una gesi na betri ina chaji ya kuendesha feni. Lijaribu hilo mchana: chomoa kempa kwenye nguzo, pandisha kidhibiti cha gesi, usubiri hadi hewa ya moto itoke.