Ukipogoa chai, usibebe matawi

Wenzangu wa chai huku Bukoba, mkishapogoa yaacheni matawi na majani palepale katikati ya mistari. Yasiende jikoni, wala kwenye kibanja (najua migomba nayo inadai). Shamba jipya la chai mara nyingi huanza kwa kupoteza kaboni ya udongo (ile itokanayo na mabaki ya mimea yaliyooza), kwa kuwa ardhi imelimwa na michai bado haijaifunika. Hurudi taratibu kadiri shamba linavyozeeka, na sehemu kubwa ya kinachorudi hutoka kwenye majani yanayodondoka na haya matawi ya kila miaka 3 au 4. Ukiyabeba, umebeba mboji, naitrojeni na potasiamu kwa mpigo. Funua matandazo ya zamani uone: udongo mweusi, una unyevu, na mvua zetu hizi hazijauchukua. Matawi manene yakateni vipande vifupi, yasiegemee shina.

Palipo na ugonjwa wa kuoza mizizi haifai. Hapo ng'oa mche na mizizi yake yote, uchome. Na matandazo hayaondoi asidi ya udongo: chai ya miaka mingi iliyolishwa mbolea ya naitrojeni huchachua udongo, kwa hiyo pima pH, kipimo cha asidi (namba ikishuka, asidi imezidi). Ikiwa chini ya 4, mboji peke yake haitoshi.