Kuchagua wino wa damu ya mzee kwa kalamu ya kujaza

Mimi ni katibu wa kikoba chetu hapa Ngamiani, Tanga. Waliolipa nawaandika kwa wino mweusi, wanaodaiwa kwa damu ya mzee. Wekundu ule wa kusahihishia mitihani niliuacha baada ya shoga yangu mmoja kununa kwamba jina lake nimelianika kama la mwizi. Damu ya mzee inadai kwa adabu.

Ukitaka wino wa rangi hii, usiamini picha ya kwenye simu, wala chupa yenyewe, maana ndani ya chupa wote huonekana mweusi. Chovya nibu, yaani ncha ya kalamu, chora mstari mnene na mwembamba kwenye karatasi unayoandikia kila siku. Acha mpaka kesho, kisha toka nayo barazani uitazame kwa mwanga wa jua.

Hapo ndipo utajua wino umeegemea wapi. Oxblood ya Diamine, kampuni ya Liverpool, ina ukahawia wa damu iliyokauka; ndiyo yangu. Yama-budo ya Pilot, wale wa Japani, imepewa jina la zabibu mwitu na ina uzambarau. Kwa barua ni tamu, kwa madeni naiona ina madaha mno. Rouge Hématite ya Herbin ina chembe za dhahabu zinazotuama chini, kwa hiyo utikise chupa kwanza, na nibu nyembamba inaweza kuziba.

Kazi kubwa iko kwenye karatasi. Masika yakiingia Tanga, kauntabuku la bei rahisi hunywa unyevu wa hewa, na wino ukigusa tu unasambaa kama mizizi. Aprili moja niliandika 50,000, sifuri zikajaa, nikabaki na tano na madoa manne. Tangu hapo nataka nibu nyembamba na wino usiotiririka ovyo. Jaribu pia kuupitishia kidole baada ya sekunde 10, kisha 20, kisha 30, hasa kama unageuza kurasa haraka kama mimi.

Halafu dondoshea tone la maji, subiri kidogo, ufute kwa kitambaa. Oxblood haistahimili maji: chai ikimwagika, deni la mtu limesamehewa. Mimi kauntabuku nalifunga kwenye mfuko wa nailoni na maisha yanaendelea, ila kwa hati ya kiwanja singeitumia. Kujua kama jua linaufifisha, funika nusu ya mstari kwa kipande cha boksi, weka dirishani wiki mbili, ulinganishe.

Anza na chupa ndogo. Diamine wana ya mililita 30.

Kabla ya kujaza, suuza kalamu kwa maji baridi mpaka yatoke meupe. Bluu ya jana ikibaki ndani, damu ya mzee itageuka zambarau, utalaumu wino bure. Na usinunue wino mzito wa khati, ule wa kalamu za kuchovya. Niliutia kwenye kalamu ya Hero ya marehemu baba, ukagandia ndani. Siku tatu ikalala kwenye glasi ya maji, na mpaka leo huandika pale inapopenda yenyewe.

Siku ya kujaza, jifunge kanga iliyochakaa.