Somo: Kitabu cha mkunjo cha mto unaokauka

Kwenye kitabu cha msanii, yaani kitabu ambacho chenyewe ni kazi ya sanaa, karatasi, mkunjo na uzi navyo husema. Kwa hiyo ukitaka kuzungumzia mazingira, usianze na kalamu. Nimeshika vitabu vingi vya "tutunze mazingira" vilivyochapwa kwenye karatasi mpya inayong'aa, halafu vikafungwa kwa plastiki. Kabla hujafika ukurasa wa pili, kitabu kimeshajikana chenyewe.

Hatua ya 1: karatasi. Chana bahasha na karatasi kuukuu vipande vidogo. Risiti za mashine ziache, zimepakwa kemikali. Loweka usiku kucha, saga kwenye blenda mpaka upate rojo kama uji mwepesi, kisha mimina kwenye beseni la maji. Koroga, chovya fremu yenye wavu, inua ikiwa imelala sawasawa, uitikise kidogo maji yachuruzike. Igeuze juu ya kitambaa, kandamiza mgongo wa wavu kwa sponji, kamua sponji, kandamiza tena. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanavuta fremu mapema na karatasi inang'ang'ania wavu. Anza kuinua upande mmoja, polepole. Tengeneza nne, uzikaushe chini ya uzito ili zisijikunje.

Hatua ya 2: mkunjo. Kunja kila karatasi katikati, usugue mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Ziunganishe kwa kupandisha ukingo wa sentimita 1. Utapata kurasa nane zinazofunguka kama kodiani.

Hatua ya 3: mto. Tafuta kitambaa chakavu cha buluu. Ukurasa wa kwanza bandika ukanda wa upana wa sentimita 8, wa pili 7, wa tatu 6, vivyo hivyo. Wa saba unabaki na 2. Wa nane weka uzi mmoja tu, uliochomolewa kwenye kitambaa hichohicho.

Usiandike kitu. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa na "OKOA MTO" kwa wino mwekundu mwishoni. Rafiki yangu alikisoma, akakifunga, tukaanza kuongea mambo mengine. Cha pili hakikuwa na neno. Alifika kwenye ule uzi, akaugusa kwa kidole, akarudi nyuma kurasa tatu kutafuta maji yalipoishia.

Hatua ya 4: majalada. Kadibodi mbili na gundi ya unga: kijiko 1 cha unga wa ngano kwa vijiko 5 vya maji, moto mdogo, koroga mpaka ing'ae. Pika kidogo tu, huchacha upesi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, jalada langu limepinda kama kigae. Nimekosea wapi?*
Umebandika karatasi upande mmoja. Ikikauka husinyaa na kuvuta kadibodi. Bandika na upande wa ndani, kisha weka chini ya vitabu vizito usiku kucha.

*Naweza kutumia majani ya migomba badala ya karatasi kuukuu?*
Ndiyo, ila nyuzi za shina ndizo nzuri zaidi. Zikate fupi, zichemshe na magadi saa kadhaa mpaka ziachane, zioshe sana, ndipo uzipondeponde. Vaa glavu, maji yale yanaunguza.

*Nimeweka majani mabichi katikati ya kurasa, sasa kuna ukungu.*
Pole. Kurasa hizo zitoe. Safari nyingine yakandamize majani ndani ya magazeti, ukibadilisha magazeti kila siku, mpaka yavunjike ukiyakunja.

*Na picha za jua, zile za buluu?*
Zinafaa mno. Anna Atkins wa Uingereza alianza kutoa kitabu cha picha za mwani kwa njia hiyo mwaka 1843, mwaka mmoja tu baada ya mwanasayansi John Herschel kuigundua. Mmea unalazwa juu ya karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, jua linafanya kazi, kisha unasuuza kwa maji. Ila chapa kwanza, ndipo ukunje; ukichapa baada ya kuunganisha, maji ya kusuuzia yataachanisha gundi yote.