Kabla hujanunua mashine ya umeme ya kukata kingo za bustani

Kila Novemba, mvua za kwanza zikishalowesha mchanga wa Tabora, ukoka wa hapa kwangu Isevya huanza kutambaa. Hutoka bustanini, hupanda juu ya njia ya saruji na kutia mizizi kwenye kila ufa. Ukiuachia mwezi mmoja hujui tena njia inaishia wapi. Miaka mingi nilikuwa naurudisha kwa sepetu, goti chini. Mgongo ulipokataa nikanunua mashine ya kukata kingo, ya umeme wa kuchomeka. Nilikuwa fundi umeme wa reli hadi nilipostaafu, kwa hiyo majirani huniletea mashine zao, nyingine zikiwa zimeshaungua. Haya ndiyo ninayowaambia wanaopita kuniuliza kabla ya kwenda dukani.

Kwanza tazama ukingo wako umejengwa kwa kitu gani. Mashine za bei nafuu ni za aina mbili. Ya kisu ina kipande cha chuma kinachosimama wima na kuzunguka pembeni mwa gurudumu. Huchimba mfereji mwembamba wenye kina cha sentimita mbili na nusu mpaka karibu nne, na hapo ndipo matawi ya ukoka yanayotambaa chini ya udongo hukatika kweli. Ya uzi hutumia nailoni na hunyoa ya juu tu. Njia yako ikiwa ya saruji iliyonyooka, chukua ya kisu. Lakini kama umepanga matofali ya kuchoma yaliyolazwa mshazari, kama zilivyo nyumba nyingi hapa mjini, kisu kitayagonga, kitakuwa butu siku ileile na kurusha vipande miguuni mwako. Chukua ya uzi ambayo kichwa chake hugeuzwa kikalala ubavu, yenye kigurudumu cha kuiongoza. Kwa uzi wati 500 zinatosha nyumbani. Kwa kisu nisingeshuka chini ya 1,000.

Sasa kibandiko cha umeme kilicho kwenye mashine. Hapa nawaomba msiharakishe, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mwaka juzi kijana wa jirani alikuja mbio asubuhi: "Shikamoo mzee, mashine ya mama inatoa moshi." Nilipofika ilikuwa imelala kwenye nyasi, matundu ya hewa yamekuwa meusi, harufu ya vanishi iliyoungua imejaa ua mzima. Ilikuwa ya mtumba, nzuri kwa macho, gurudumu bado lina rangi. Niliigeuza nikafuta vumbi kwenye kibandiko kwa kidole gumba: volti 120, hezi 60. Ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, nao waliichomeka kwenye volti zetu 230, karibu mara mbili ya ilichoumbiwa. Walisema ilipiga kelele kali kama inashangilia, kisha kimya. Mashine nyingi za kisu mtakazoziona zikisifiwa mtandaoni, zilizoandikwa ampea 12, ni za volti hizohizo 120. Transfoma ya kuibeba mashine kama hiyo ni nzito na ghali, haina maana kwa bustani ya nyumbani. Unachotafuta ni 220 hadi 240, hezi 50.

Kwenye kibandiko hichohicho tafuta mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Alama hiyo inasema mashine imefunikwa kinga mara mbili, na ndiyo maana waya wake una nyaya mbili tu, bila ya ethi, ile ya kupeleka umeme unaovuja ardhini. Ikija na plagi ya pini mbili za mviringo usiing'ang'anize kwenye adapta iliyolegea. Itacheza, itatoa cheche, itayeyuka. Funga plagi ya pini tatu bapa: waya wa kahawia upande wa fyuzi, wa bluu upande wa pili, ya ethi iache wazi.

Waya wa kurefushia ndiyo nusu ya ununuzi wenyewe, na watu huukumbuka wakiwa wameshamaliza pesa. Kabla ya kutoka nyumbani, funga kamba ya manila kwenye soketi ya barazani, uitembeze mpaka kona ya mwisho ya bustani, kisha uipime. Kwangu ilikuwa mita 22, nikanunua waya wa mita 30. Unene uwe milimita za mraba 1.5, shaba tupu. Ile myembamba ya televisheni hula volti njiani, na mota ikikosa volti hulegea, hukwama kwenye ukoka na kupata moto. Waya wa kuviringisha ukunjue wote kabla ya kuwasha, hata kama unakata mita tano. Ukibaki kwenye kibiringita hupika ganda lake. Ukiweza, fundi akufungie kwenye mkondo huo sakiti breka inayohisi umeme unaovuja, ya miliampea 30. Kwa anayekata nyasi huku waya uko miguuni, mimi naiona ni lazima.

Vipuri ulizia kabla ya kulipa. Uzi unaopatikana kwa urahisi madukani mara nyingi ni ule mnene wa mashine za petroli, milimita 2.4. Mashine ndogo ya umeme hutaka 1.2 au 1.6, ukiilazimishia mnene mota itaungua. Kwa ya kisu, uliza kisu cha akiba na kaboni, vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenye mota inayozunguka, ununue pamoja na mashine. Tafadhali usimpelekee fundi wa kuchomelea akuchongee kisu cha bati la gari. Kikizidi uzito upande mmoja hutikisa mashine mpaka beringi zife, na kikivunjika kinaruka.

Dukani omba wachomeke. Ishike mwenyewe, iwashe nusu dakika. Sauti iwe moja, isipande na kushuka. Chungulia matundu ya hewa: cheche ndogo za bluu kwenye kaboni ni kawaida, duara zima la moto si kawaida. Izime, chomoa, kisha tikisa mhimili wa kisu kwa mkono; ukicheza, omba nyingine.

Umeme hautakusumbua. Ya wati 1,200 ikifanya kazi nusu saa hula uniti 0.6 za LUKU.

Ukifika nayo nyumbani subiri mvua ilainishe ardhi, kisha siku mbili za jua, nyasi zikauke. Viatu vya kufunika, miwani. Anzia karibu na soketi ukielekea mbali, waya ukiwa begani na nyuma yako. Ukimaliza, chomoa na upige brashi kavu kwenye matundu ya hewa, maana mchanga wetu ni laini na huingia hadi kwenye beringi. Yangu naining'iniza kwenye msumari stoo, kisu kimepakwa oili kidogo.